Mzazi, usikubali kujibiwa kwa mdomo shuleni

Msomaji mpenzi, ikiwa una mtoto katika shule ya msingi hapa mjini, yamkini unaijua barua ya kuitwa shuleni. Aghalabu huletwa na mtoto mwenyewe, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hesabu, na haielezi lolote ila kwamba mzazi afike afisini bila kukosa. Mimi niliipokea wiki ya pili ya muhula wa pili, binti yangu akiwa Gredi ya Pili. Nilipofika nilimkuta mwalimu mkuu, mwalimu wa darasa na lundo la madaftari ya mtoto juu ya meza, kama vielelezo vya kesi mahakamani.

"Mzazi," mwalimu mkuu alianza kwa upole, "huyu mtoto wetu ana shida. Akisomewa imla anaandika mambo yake. Ukimwita haitiki. Ukimuuliza swali anakutazama tu mdomoni. Sisi hapa hatuna mwalimu wa watoto wa namna hiyo. Itakuwa vyema umtafutie shule itakayomfaa."

Nilimwambia ahsante, Mwalimu. Hadi leo sijui nilikuwa nikimshukuru kwa lipi. Jioni ile nilimgombeza mtoto mbele ya nduguze, na si mara ya kwanza. Nyumbani tulikuwa tumeshakubaliana kwamba ni mkaidi. Ukimtuma chumvi analeta sukari, ukimwita akiwa amekupa mgongo hasikii la mwadhini wala la mteka maji. Alikuwa ameonja kofi langu kwa sababu hiyo, nami nalisema hapa bila fahari.

Aliyetutoa gizani si mwalimu wala daktari bali nyanya yake, aliyekuja kutukagua mwezi wa sita. Siku ya tatu aliniita kando akaniuliza, "Baba, mbona huyu mtoto husikia kwa macho?" Alikuwa amemwona akigeuza uso kila mtu anapozungumza, akiegemeza sikio la kulia kwenye televisheni, na akikosa kuitika kila anapoitwa kutoka jikoni. Sisi tuliokuwa tukiishi naye hatukuona.

Hapo ndipo tulipoanza safari ya hospitali. Tulipanga foleni katika hospitali moja ya serikali tangu saa moja asubuhi. Daktari aliangalia masikio, akauliza ikiwa mtoto aliwahi kutokwa na usaha sikioni alipokuwa mdogo. Aliwahi, tena mara nyingi. Kila mara tulinunua matone katika duka la dawa, usaha ukikauka tukaacha, na kuna jirani aliyetushauri tutie mafuta ya moto kidogo. Ukiwa una mtoto anayetokwa na usaha sikioni, msomaji, usitie mafuta, wala maziwa ya mama, wala maji ya chumvi. Mpeleke akaonwe. Usaha unaorudirudi unaweza kutoboa ngoma ya sikio na kupunguza usikivu kwa miaka mingi bila maumivu yoyote ya kumtia mtoto kilio.

Baadaye alipelekwa chumba cha kupima usikivu. Alivishwa vifaa vya kusikilizia kichwani, akapewa bakuli la shanga na mkebe, akaambiwa kila akisikia mlio atie shanga moja mkebeni. Sauti zilipopitishwa sikio la kulia shanga zilianguka moja baada ya nyingine, ingawa zile sauti za chini kabisa zilimpita. Sauti zilipohamishiwa sikio la kushoto, mtoto aliketi kimya na shanga yake mkononi, akimtazama mpimaji usoni kumwuliza kama mchezo umekwisha. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo. Yale makofi yote yalinirudia.

Nimesimulia haya yote ili nifike kwenye jambo ninalotaka kukuambia, nalo si la masikio peke yake. Nilirudi shuleni na barua ya daktari nikidhani mambo yamekwisha. Mwalimu mkuu aliisoma, akanipa pole ya kweli, kisha akanijibu maneno yale yale: hatuna mwalimu maalum, tafuta shule ya viziwi. Binti yangu si kiziwi. Anasikia, anasema, anaimba kanisani. Anachohitaji ni kuketi mahali fulani na kusemeshwa kwa namna fulani. Lakini mimi sikujua kuomba hilo. Niliuliza, "Mna mwalimu maalum?" nao wakanijibu swali nililouliza.

Hili ndilo kosa letu wazazi wengi. Tunakwenda shuleni na swali kubwa lisilo na mpini. Tunauliza kama shule "inaweza kumsaidia" mtoto, na kwa kuwa swali ni kubwa, jibu rahisi ni la. Tena jibu lenyewe hutolewa kwa mdomo, mlangoni, mwalimu akielekea gwarideni. Hakuna aliyeliandika, hakuna aliyelitia sahihi, na mwaka ukiisha hakuna anayekumbuka kwamba lilitolewa. Mtoto huhamishwa kimya kimya, akahamishwa tena, hadi anapofika umri wa kubaleghe bado yuko na watoto wa miaka minane, au yuko nyumbani akilea kitindamimba.

Yapo mambo mawili tofauti ambayo watu wengi huyachanganya. Kuna uchunguzi wa hospitali, ambao hueleza mwili wa mtoto una nini. Kisha kuna tathmini ya kielimu, ambayo hueleza mtoto huyo anahitaji nini darasani. Barua ya daktari peke yake haimwambii mwalimu afanye nini kesho asubuhi. Ndiyo maana mwalimu mkuu wangu aliisoma, akaikunja, akabaki pale pale alipokuwa.

Tathmini ya kielimu hufanywa katika vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivi vilianza humu nchini 1984 kwa msaada wa serikali ya Denmark. Miaka miwili baadaye, 1986, ikaanzishwa Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoko Kasarani, ambayo hufunza walimu wa fani hii na pia hutathmini watoto. Kila kaunti ina kituo, aghalabu chumba kimoja au viwili katika uwanja wa shule ya msingi au karibu na afisi za elimu. Vimekuwako zaidi ya miaka 40, na bado ukiuliza wazazi kumi kwenye matatu kituo cha kwao kiko wapi, sidhani utampata mmoja wa kukuelekeza. Mimi mwenyewe nilikuwa nikipita mbele ya kimojawapo kila siku nikienda kazini.

Ukienda, beba cheti cha kuzaliwa, kijitabu cha kliniki, barua za hospitali, ripoti za shule na hasa madaftari ya mtoto. Usiyasafishe wala usichague yale mazuri. Mtathmini anataka kuyaona yale yaliyojaa wino mwekundu. Atakuuliza kuhusu ujauzito na uzazi, mtoto aliketi lini, alitembea lini, alitamka neno lini. Kisha atamchukua mtoto, amsomeshe, amhesabishe, amchoreshe, acheze naye. Wetu alichukua karibu saa tatu. Mwishowe huandikwa ripoti inayopendekeza mtoto asomee wapi, iwe shule ya kawaida akipewa usaidizi, kitengo maalum ndani ya shule ya kawaida, au shule maalum, na ni mambo gani afanyiwe huko.

Ripoti ya binti yangu ilikuwa kurasa mbili. Ilisema asome shule ya kawaida. Iliagiza aketi safu ya mbele, upande wa kushoto wa darasa, ili sikio lake zima limwelekee mwalimu. Mwalimu asizungumze huku akiandika ubaoni, maana akigeuka mtoto hupoteza uso wake. Imla asomewe mwalimu akiwa amemkabili, na kila sentensi irudiwe mara mbili. Akiagizwa jambo, aombwe alirudie yeye mwenyewe kwa maneno yake. Mvua ikinyesha juu ya mabati, maagizo yaandikwe ubaoni.

Niambie, msomaji, katika hayo ni lipi linalohitaji bajeti ya serikali? Hata lile la mvua, ukilifikiria, lingewafaa watoto wote wa darasa lile.

Safari ya tatu sikwenda kuuliza. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatisha nakala ya ripoti, nikataja yale mambo matano kwa nambari, nikaomba nijibiwe kwa maandishi ni yapi shule itafanya, kuanzia lini, na kama kuna lisilowezekana nielezwe kwa nini. Niliipeleka kwa karani, nikamwomba agonge mhuri na tarehe kwenye nakala yangu. Mwalimu mkuu aliniita siku iyo hiyo. Hakuwa na furaha. Aliniuliza kwa nini ninaandikiana naye barua kama mawakili ilhali sisi ni watu wa kuzungumza. Nilimjibu kwa heshima, "Mwalimu, tumezungumza mara mbili. Nimeandika ili mwalimu atakayemchukua mwakani naye ajue." Alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwalimu wa darasa, wakaanza kupanga madawati.

Sitaki kumfanya mwalimu kuwa adui. Mwalimu mwenye watoto 70 chumba kimoja, anayesahihisha madaftari hadi usiku, anaposikia "mahitaji maalum" huona kazi ya pili anayobebeshwa bila mshahara. Ukimwambia "mhamishie dawati lile" anapumua. Nimezungumza na walimu kadhaa tangu wakati huo, na karibu wote walisema wangependa kuelezwa jambo dogo la kutenda kuliko kuletewa jina la ugonjwa.

Lakini upole huo usitufanye tusahau kwamba jambo hili lina sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, kadiri inavyomfaa yeye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumbagua mtoto anayetafuta nafasi, na shule ya umma hairuhusiwi kumpa mtihani wa kuingia isipokuwa wa kujua darasa linalomfaa. Vilevile inakataza kumrudisha mtoto darasa au kumfukuza kiholela. Sheria hiyo hiyo inamtwika waziri jukumu la kuhakikisha kwamba shule iliyo na watoto hawa ina walimu waliofunzwa na vifaa vinavyofaa. Kwa hivyo mwalimu mkuu akikuambia "hatuna mwalimu," hajakupa sababu ya kuondoka. Amekupa habari ambayo anapaswa kuipeleka kwa wakubwa wake.

Na kuhusu maandishi, kipo kifungu cha 47 cha Katiba, ambacho wazazi wachache hukijua. Mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala, au inaelekea kuathiriwa, ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kumkataa mtoto shuleni ni uamuzi. Basi ukikataliwa, usigombane, usilie, wala usipige simu redioni kwanza. Sema, "Naomba niandikiwe hivyo." Nimeshuhudia sentensi hiyo ikibadilisha hali ya hewa afisini, maana jambo ambalo mtu yuko tayari kulisema si lazima awe tayari kulitia sahihi.

Asipoandika, andika wewe. Peleka barua inayosema kwamba tarehe fulani ulielezwa hivi na hivi, na nakala yake kwa bodi ya usimamizi ya shule na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Kukiwa kimya, panda hadi Bodi ya Elimu ya Kaunti. Iko pia Tume ya Haki katika Utawala, maarufu kama Ombudsman, inayopokea malalamishi dhidi ya afisi za umma. Wengi hawafiki huko. Barua ya pili aghalabu hutosha, hasa ikiwa na ripoti ya tathmini nyuma yake.

Si kila mtoto hali yake ni ya masikio. Yuko anayenakili makosa ya jirani yake kwa kuwa haoni ubao, naye anahitaji miwani kabla ya kitu kingine chochote. Yuko anayeduwaa kwa sekunde kumi hivi, kope zikipepesa, kisha akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea, mara nyingi kwa siku moja. Mwalimu humwita mwota ndoto za mchana, kumbe hicho ni kifafa cha aina isiyoangusha, kinachotibika kwa dawa. Yuko mwenye akili nyepesi, mcheshi, anayekusimulia hadithi ndefu, lakini herufi zinamchezea kila akifungua kitabu. Huyo huenda ana disleksia, na hakuna kiboko duniani kitakachoiondoa. Viboko vilipigwa marufuku shuleni 2001, ingawa nyinyi na mimi twajua kwamba kuna madarasa ambako habari hizo hazijafika. Yuko pia mwenye usonji, ambaye kelele za darasa humchoma masikioni hata akajificha chini ya dawati. Sheria yetu huwahesabu hata wenye vipawa vikubwa kupita kiasi miongoni mwa wenye mahitaji maalum, jambo linalowashangaza wengi.

Kwa hao wote njia ni ile ile: hospitali, tathmini, orodha fupi, barua yenye mhuri. Kinachobadilika ni orodha.

Hapa nigusie lugha kidogo. Tuna maneno mabaya sana ya kuwaita watoto hawa: zuzu, bubu, punguani, taahira. Nimemsikia mzazi akimtambulisha mwanawe kwa jina la ulemavu wake mbele ya wageni, mtoto akiwa pale pale. Mwingine humficha chumba cha nyuma wageni wanapokuja. Na mara nyingi mama ndiye hulaumiwa. Ataulizwa alikula nini akiwa mja mzito, ukoo wao una laana gani. Baba huchukua kofia yake akaenda zake. Nimewaona akina mama kwenye foleni ya tathmini, na wanaume tuliokuwapo siku ile tulikuwa wawili tu, mimi na mlinzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga. Anayemficha mtoto asiyesikia humnyima miaka ile ya mwanzo ambayo lugha hujengeka, na miaka hiyo hairudi.

Wengine walio na uwezo hukimbilia shule za kibinafsi. Sikatai, ziko nzuri. Lakini zipo pia zinazompokea mtoto kwa tabasamu mwezi wa Januari, zikamtoza mzazi karo pamoja na mshahara wa msaidizi wa kuketi na mtoto, na kufika Agosti zikamwita kumweleza kwamba "mazingira yetu hayamfai." Kabla ya kulipa, waombe wakuandikie watafanya nini. Asiyeweza kuandika Januari hatafanya Agosti.

Wala sisemi shule maalum ni jalala. Mtoto asiyesikia kabisa anahitaji wenzake na walimu wanaoijua Lugha ya Ishara ya Kenya, na huenda akaipata kwa ukamilifu katika shule ya viziwi kuliko mahali pengine popote. Shule ya Vipofu ya Thika ilianza 1946, na wazazi kutoka pembe zote za nchi wamepeleka watoto huko kwa matumaini. Hapa Nairobi, Shule ya Msingi ya Kilimani kwa miaka mingi imesomesha watoto wasioona pamoja na wanaoona. Shule ya City, Ngara, ina kitengo cha watoto wenye usonji kilichotokana na juhudi za wazazi waliojiunga 2003. Kitengo hicho nakitaja kwa makusudi. Wazazi hao hawakukipata kwa kungoja.

Ninachopinga ni shule maalum kutumiwa kama mlango wa nyuma wa kuwatolea watoto wanaomchosha mwalimu. Enzi za KCPE, ambayo ilifanywa mara ya mwisho 2023, kulikuwa na sababu ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja: mtoto wa alama za chini huishusha shule. KCPE imekwenda lakini desturi yenyewe haijaondoka. Mtaala wa sasa wa umilisi una njia mbili kwa wenye ulemavu. Wapo wanaofuata madarasa kwa umri kama wenzao, na wapo wanaofuata hatua, kuanzia msingi, kisha ya kati, ya kuandaliwa kwa ufundi na ya ufundi wenyewe. Uliza mwanao amewekwa njia ipi, na ni nani aliyeamua. Nimekutana na mama ambaye mtoto wake aliwekwa kwenye njia ya hatua bila tathmini yoyote, kwa kuwa tu alikuwa mgumu wa kusoma.

Mitihani nayo isikupite. Baraza la Mitihani ya Kitaifa hutayarisha karatasi za breli na za maandishi makubwa, na huongeza muda kwa watahiniwa wanaohitaji. Lakini ni shule inayopeleka habari hizo wakati wa usajili. Mzazi anayengoja wiki ya mtihani ndipo aseme mwanawe haoni vizuri, amechelewa.

Serikali haiwezi kukwepa lawama. Watathmini ni wachache, nao wana eneo kubwa la kuhudumia. Sisi tulisubiri wiki tano kupata siku yetu, na kituo chenyewe hakikuwa na kifaa cha kupima usikivu, ndiyo sababu ilitubidi tuende na karatasi za hospitali. Mwalimu aliyefunzwa elimu maalum huenda akahamishwa shule nyingine katikati ya mwaka, akaacha watoto aliowaanzishia kazi. Kwa hivyo usinielewe vibaya, sidai kwamba barua huleta mwalimu. Barua huleta dawati la mbele, humzuia mtoto asifukuzwe, na huacha alama afisini kwamba mwalimu anahitajika hapa. Wizara haiwezi kuhesabu watoto ambao wazazi wao waliitikia "ahsante, Mwalimu" wakaenda zao.

Binti yangu sasa yuko Gredi ya Nne, shule ile ile. Sikio halijapona. Bado tunangojea uamuzi wa madaktari ikiwa tundu litazibwa kwa upasuaji au atapewa kifaa cha kumsaidia kusikia. Masikio ni yale yale yaliyomfanya aitwe mkaidi, ila imla yake ya mwisho alikosa maneno mawili kati ya ishirini, na muhula uliopita mwalimu alilalamika, kwa mara ya kwanza, kwamba anapiga gumzo darasani. Nililipokea lalamiko hilo kwa furaha ambayo nadhani mwalimu hakuielewa.

Shida moja iliyobaki ni kwamba kila Januari huja mwalimu mpya wa darasa, naye hana habari. Mwaka wa kwanza niliamini kwamba mwalimu mkuu atamweleza. Hakumweleza, na mtoto alikaa safu ya nyuma, upande wa dirishani, hadi mwezi wa Machi. Tangu hapo ripoti naibeba mwenyewe siku ya kufungua shule, pamoja na ile barua yenye mambo matano na mhuri wake. Nakala ya mwakani nimekwisha kuitoa, imo katika bahasha juu ya kabati.